Muzee Cirhuza Asiyeitika Salamu

Maman Godelive aliniletea ile habari mbele sijamaliza kufua nepi za mutoto. Alisimama kwenye mulango, mikono kiunoni, na ile sauti ya chini ya mutu mwenye kutaka majirani wa parcelle yote wasikie.

"Maman Sagesse, yule muzee mwenye kutengeneza gari ya bwana yako, Muzee Cirhuza, batu banasema alipokea kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu! Kuna mwenye gari mwengine hapa mu mutaa wetu wa Essence, anataka gari ya Maman Bibiane ifie kwa fundi mu atelier, ibaki vyuma tu, auziwe vipande. Njo maana muzee anaivuta, kila siku 'nitakuja kesho'. Weye hauone? Ukimusalimia haitike. Leo asubuyi nimemupita pale kwa muteremuko. 'Jambo papa!' Kimya. 'Papa Cirhuza, jambo!' Kimya sawa ukuta. Mutu wa roho safi anakataaka salamu?"

"Labda alikuwa anawaza."

"Anawaza!" Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Anawaza namna ya kula, maman."

Nilianika nepi, lakini lile neno lilinibakia mu roho, kwa sababu Bruno, bwana yangu, ndiye shofa wa ile gari. Maman Bibiane mwenye gari ni mucuruzi. Gari inamuletea ndizi na mafuta ya mawese kutoka Bunyakiri. Ni gari ya zamani sana. Namba za kilometa zilisimama kitambo, na Bruno anasema hazikuharibika, zilichoka tu. Sasa ile wiki taa nyekundu ya mafuta iliwaka mbele ya usukani, maana yake mafuta ya kulainisha vyuma hayana tena nguvu ya kuzunguka ndani ya moteur, injini. Maman Bibiane akasema neno moja: Ijumaa gari inapanda Bunyakiri, na Bruno ao na shofa mwengine.

Ile barabara naijua. Ukipita kijiji cha Miti unaingia mu pori, unapanda, unapanda, hakuna nyumba. Gari ikikufia pale unalala nayo na mizigo ya watu, na wenye kuja kukuangalia si wa kukusukuma. Kwa hiyo nilikuwa naomba Mungu mambo mawili yenye hayapatane: Bruno aende, asipoteze usukani; na Bruno asiende. Yote mawili yalingojea kinywa cha Muzee Cirhuza, na kile kinywa hakikuwa kinafunguka.

Ni mutu wa Katana. Ufundi alifundishwa na frère mumoja, mutawa wa misheni, wakati angali kijana, na tangu hapo hajatoka chini ya magari. Anavaa kofia ya sufu hata kukiwa jua. Bibi yake alikufa, mutoto wake wa pekee yuko Shabunda mu mambo ya zahabu. Mbele nilikuwa namusikia akiongea naye kwa simu, sauti juu, wanacheka. Siku hizi simu ikilia, anaangalia, anakata, anasema: "Andika message, network iko mbaya." Na kanisani, yeye ambaye tangu nimujue alikaa banc ya nyuma karibu na mulango, sasa anakaa ya kwanza kabisa, anamukazia padiri macho kama vile padiri ana deni lake. Niliyaona haya yote lakini sikuyashikanisha.

Siku iliyofuata, mwishowe alikuja kuangalia gari pale inapolalaka, kwa muteremuko chini ya nyumba yetu. Bruno akatoa jauge, kile chuma chembamba cha kupimia mafuta, akamuonyesha kwa furaha.

"Muzee, angalia mwenyewe. Plein, imejaa! Ni mimi napimaka kila asubuyi."

Muzee akaangalia jauge. Akaangalia gari. Akaangalia mulima.

"Gari inalala wapi?"

"Hapa hapa."

"Kila siku?"

"Kila siku, muzee. Démarreur, kile chuma cha kuwashia, ilikufa mwaka jana. Natia jiwe mbele ya tairi, asubuyi natoa jiwe, inateremuka, naachilia pedale ya embrayage, inawaka. Bukavu unaombea nini démarreur? Milima njo démarreur."

"Weye ukilala kichwa chini, miguu juu, damu inaenda wapi?"

Bruno akapangusa jauge, akaitazama tena.

"Jauge iko mbele, na gari inaangalia chini," muzee akasema. "Mafuta yote inakimbilia mbele. Hata ikibakia kidogo, jauge itakuambia plein. Peleka gari kwa kiwanja cha paroisse, kule kanisani. Nataka fasi ya sawasawa, pahali hapana muteremuko."

Fasi ya sawasawa, hapa kwetu! Walizunguka na ile gari asubuyi nzima kwa sababu ya kile kiwanja. Mulinzi wa paroisse akakataa, Bruno akabembeleza, mulinzi akakubali, kiisha akakataa tena kwa sababu wamama wa Legio ya Maria walikuwa wanapita. Nilikuwa na mutoto mugongoni, jua linanipiga, nikawaza: Mungu wangu, watu wote hawa, na hakuna mumoja amegusa moteur.

Wakaiweka pale, wakangoja mafuta itulie. Muzee akatoa jauge. Ilitoka karibu kavu, na utone mumoja kwenye ncha.

Niligeuka nikaangalia kengele ya kanisa, ili Bruno asijue kama nimeona.

Wakaongeza mafuta, wakaisukuma mpaka moteur ikawaka, na taa ikazimika. Maman Bibiane alikuwa amefika na mwavuli wake, alipiga makofi. "Alléluia! Kumbe ni mafuta tu! Bruno, weye ni shofa ao ni mupishi? Ijumaa tuko njiani!" Akashika simu kuita wapakizi.

"Bado," Muzee akasema.

"Bado nini, papa?"

"Moteur iko baridi. Mafuta ikiwa baridi inakuwa nzito, inadanganya taa. Ipande mulima kwanza, irudi na moto."

Bruno akapanda nayo mpaka juu kabisa, akarudi, gari ikasimama pale inanguruma polepole bila kukanyagiwa, ile wanaita ralenti. Taa ikawaka tena, nyekundu kama jicho la mulevi.

Hapo Maman Bibiane akamugeukia muzee, ambaye alikuwa amemupa mugongo, anapangusa funguo zake. "Ulisema mafuta! Mafuta tumetia! Sasa njo nini?" Muzee akaendelea kupangusa. "Papa Cirhuza, naongea na weye!" Kupangusa. "Ananichekelea? Bruno, huyu muzee wako ananichekelea?"

Mutu akikunyamazia kwa kusudi, mabega yake yanakusikia. Nimekaa na mama mukwe, nayajua yale mabega. Mabega ya Muzee Cirhuza hayakusikia kitu.

Alipogeuka mwenyewe na kukuta mwavuli wa Maman Bibiane karibu na pua yake, alishituka kabisa. Akasema tu, "Tutapima." Akafungua kile kidude chenye kuambia taa iwake, akatia pahali pake manomètre, saa yenye mushale ya kupimia nguvu ya mafuta. Alitaka kujua kama taa ndiyo yenye kusema bongo, kudanganya watu. Bruno akakanyaga, mushale ukapanda kidogo. Akaachilia, mushale ukaanguka, ukalala karibu na sifuri.

"Taa inasema kweli," muzee akasema.

"Basi ni pompe!" Maman Bibiane akasema. "Pompe ya mafuta imechoka. Tutie ingine, tuende!"

"Inaweza kuwa pompe. Inaweza kuwa coussinet."

"Coussinet ni nini tena?"

Muzee akafunga ngumi, akaizungushia mukono mwengine. "Ni kile chuma laini, chembamba, chenye kuvaliana hivi na vilebrequin, ule muti mukubwa wenye kuzunguka. Ikilika, mafuta inatoka pembeni. Maman, ndoo yako ikitoboka, utanunua bomba mupya ya maji? Ukitia pompe, na ni coussinet, moteur itakufa na pompe mupya ndani."

"Na utajua namna gani?"

"Kufungua."

"Kufungua hapana!" Alisema kwa nguvu mpaka Sagesse akaamuka mugongoni. "Banifunguliaka gari moja hapa hapa Bukavu, tangu iko wazi mpaka leo kuku banatagia ndani. Moteur ikifunguliwa mbele fundi hajasema neno, ni yatima. Kila mutu anapita na kipande chake. Hapana. Kwanza useme ugonjwa, kiisha ufungue. Kesho saa tisa nakuja hapa. Uniambie: pompe, ao hii coussinet yako. Ukikosa kusema, Ijumaa gari inapanda na taa yake."

Akafunga mwavuli, akaenda.

Njiani tukirudi nilimuuliza Bruno: "Kama ni ile coussinet, inaweza kukatikia njiani?"

"Inaweza."

"Mu pori?"

"Sasa moteur inachagua fasi, maman?"

"Na utaenda?"

"Unataka nimuambie Maman Bibiane nini? Kama naogopa taa? Shofa mwenye kuogopa taa! Muzee akisema moteur ni mugonjwa, sitaenda, na hatanifukuza. Lakini muzee hasemi kitu! Anazunguka gari sawa anatafuta mulango."

Nilikasirika na Bruno, nilikasirika na Maman Bibiane, nilikasirika na yule muzee na kofia yake. Na tulipofika, Maman Godelive alikuwa ameshajua yote. "Nilikuambia," akasema, hata hatujaweka kitu chini.

Kesho yake nilipika bugali na samaki wadogo, sambaza, nimupelekee Bruno kwa kiwanja. Sagesse nilimuachia Maman Godelive, ambaye alimupokea kwa sharti nimuletee habari yote, isikatwe. Nilipofika, Bruno alikuwa juu mu cabine anakanyaga, anaachilia, anakanyaga, jasho linamutoka. Muzee alikuwa amepiga magoti karibu na tairi la mbele. Alishika chuma kirefu, ncha moja imegusa moteur kwa chini, ingine iko kwa sikio lake.

Hilo nililijua, mafundi wote wanasikilizaka vile. Lakini muzee akahamisha chuma kwa sikio la pili. Kiisha akarudisha kwa la kwanza. Kiisha, na hapa nilisimama na sahani mukononi, akakiuma kwa meno, akafunga macho, kama mutu mwenye kuonja chumvi mu muchuzi. Akakaa vile. Akatikisa kichwa. Akauma tena.

"Muzee, tayari?" Bruno akapiga kelele kutoka juu. "Muzee! Mazout inaisha!"

Muzee hakugeuka.

Hapo ndipo yale yote yalikuja kwa pamoja: simu, banc ya kwanza, mabega. Nikazunguka mpaka mbele yake. Alipofungua macho na kuniona, nilifungua kinywa, nikasema bila kutoa sauti hata kidogo, midomo tu: "Jambo, papa."

"Jambo, mama," akajibu.

Tukaangaliana. Alijua kama nimejua. Alitoa chuma kinywani, akakipangusa na nguo yake, polepole. Nilifikiri atanifukuza. Nilikuwa nimeshachoka na mambo ya ile gari, kama angenifukuza ningemuachia sahani nikaenda zangu.

"Tangu Pasaka," akasema. "Sikio ya kushoto kwanza, sasa na hii. Kelele nasikia, lakini yote iko moja, sawa mvua kwa mabati. Mbele nilikuwa naitambua kila sauti." Akaangalia kule juu kama Bruno anaona, Bruno alikuwa haoni kitu, tairi lilitufunika. "Weka sikio hapa."

"Mimi? Papa, mi sijue moteur."

"Sikuambie ujue. Sikia tu, uniambie."

Nilipiga magoti. Nikaweka sikio kwa chuma, na ile kelele ikaniingia kichwani yote, nikataka kukitupa. Muzee akanishika bega, akangoja. Alikuwa anaangalia midomo yangu.

"Juu kuna kelele nyingi," nikasema. "Kakakaka, sawa sahani."

"Achana nayo. Teremuka. Chini yake kuna nini?"

Nilifunga macho. Na kweli, chini yake kulikuwa kitu kingine. Kilikuwa mbali, kizito. Nilikijua, nikakosa jina, kiisha jina likaja: asubuyi ukiwa umelala, na jirani nyuma ya ukuta anatwanga majani ya sombe. Humusikii kwa sikio, unamusikia kwa kitanda.

"Kuna mutu anatwanga," nikasema. "Nyuma ya ukuta. Ko. Ko. Ko."

Uso wa muzee ukabadilika. "Na Bruno akiachilia?"

Nikangoja. "Anatwanga mbio. Kokoko, kiisha anapunguza."

"Ee Nyamuzinda, Mungu wetu," akasema kwa sauti ndogo, na sikujua kama ni furaha ao huzuni. Akachukua funguo, akasimama upande wa bomba ndogo za mazout, ile mafuta yenye kuwaka, zenye kupeleka kwa kila silinda yake. Akalegeza ya kwanza, moteur ikaanza kuyumba. "Sasa?"

"Anatwanga bado."

Akafunga, akalegeza ya pili. "Sasa?"

"Bado, papa."

Akalegeza ya tatu. Na yule mutu wa nyuma ya ukuta akaweka muti wake wa kutwangia chini. Kweli kabisa, kama vile mutu alimuita.

"Hapo! Amenyamaza! Papa, amenyamaza!"

Akafunga tena, kutwanga kukarudi. Akalegeza, kimya. Alifanya vile mpaka mimi mwenyewe nikaanza kusema mbele hajaniuliza. Kiisha akamuonyesha Bruno mukono azime. Nilisimama, magoti yamejaa udongo, sikio linapiga filimbi.

"Sasa njo nini, muzee?" Bruno akauliza akiteremuka.

"Chakula," muzee akasema. Alikuwa ameona sahani.

Saa tisa Maman Bibiane akafika, na hakufunga hata mwavuli. Nilimuona anataka kuongea akiwa upande wa nyuma, nikamushika mukono kama mwenye kumuonyesha njia, nikamuleta mbele ya uso wa muzee. "Hapa kuna kivuli, maman," nikasema. Kivuli hakikuwepo.

"Papa Cirhuza, nakusikiliza. Pompe?"

"Coussinet. Ya silinda ya tatu."

"Ya tatu! Jana ulikuwa haujue kama ni pompe ao nini, leo unajua mpaka namba! Uliota?"

"Nifungue chini tu, kile kibakuli cha mafuta, na kofia ya tatu, chuma chenye kufunika ile coussinet. Zingine sigusi. Ukikuta coussinet nzima, Bruno apande Ijumaa, na mimi narudi Katana kulima."

Maman Bibiane akaangalia Bruno. Bruno akainua mabega. Akaniangalia na mimi, sijui kwa nini. Nikasema, "Maman, afungue."

"Hata weye uko fundi sasa?" akasema. Lakini akaketi kwa tairi la zamani, akaweka mwavuli kwa magoti. "Fungua. Macho yangu iko hapa."

Walifungua mpaka jua likateremuka upande wa ziwa. Mafuta meusi yakajaa beseni. Muzee akaingia chini na mugongo, akafungua kofia ya tatu, akatoka na kitu kidogo kama kucha kubwa, akakipangusa, akamupa Maman Bibiane mukononi. Kingefaa kuwa cheupe cheupe, laini. Kilikuwa kimelika mpaka shaba, chekundu, na pembeni kimepasuka.

"Hii ingefika Bunyakiri?" Maman Bibiane akauliza.

"Ingefika mu pori," muzee akasema.

Bruno akakichukua, akakigeuza, akakigeuza tena. Akanitilia mimi mukononi.

"Ndizi zangu zitaoza," Maman Bibiane akasema. "Basi. Bruno, weye na huyu muzee mutalala na hii gari mpaka ifungwe. Kipande kimoja kikipotea, nakutafuta weye. Sitaki kuku mu gari yangu mara ya pili, umesikia?"

"Nimesikia, maman."

"Na démarreur munatia. Nimechoka na mawe yako."

Alipoenda, Bruno alisimama karibu yangu, akanong'ona kwa heshima: "Umeona sikio ya yule muzee? Namba ya silinda! Mu kelele yote ile!"

Nikasema, "Nimeona," kiisha nikaokota sahani.

Muzee alinifuata mpaka kwa mulango wa kiwanja. Nilijua tu kwa viatu vyake, anavikokotaka. Akapita, akasimama mbele yangu, akatoa kofia, nywele zake zote nyeupe, sikuwahi kuziona.

"Mama," akasema, "nilimuita Bruno mara mbili leo asubuyi nimuambie habari ya masikio yangu, nikashindwa. Siku tutafunga moteur, mbele bwana yako hajapanda nayo, uje usikie tena. Usimutume mutu, uje mwenyewe. Na ukifika usiniite kwa nyuma. Zunguka mbele, nikuone. Na yule jirani yako mwenye kunipitaka kwa muteremuko naye, umuambie vile vile."